Soko Limechagua Sikukuu Ndogo

Mapadri na wachungaji, pamoja na tofauti zao zote, hili hawabishani: sikukuu kuu ya Ukristo ni Pasaka. Bila kaburi tupu, hori la Bethlehemu lisingekuwa na habari ya kusimuliwa. Masheikh nao watakwambia kwamba kati ya Idi mbili, ile ya Mfungo Tatu inayokwenda na Hija ndiyo Idi kubwa, na ile inayohitimisha Ramadhani ndiyo Idi ndogo. Sasa shuka Kariakoo, uingie Mtaa wa Kongo, uwaulize wauza nguo za watoto ni lini wanajaza mzigo. Watakutajia kumi la mwisho la Ramadhani, kisha Desemba. Pasaka utawakumbusha wewe. Ukiuliza Idi kubwa, utaelekezwa kwa wauza mbuzi.

Kwa hiyo katika dini zetu mbili kubwa, soko limeipita sikukuu nzito likaikumbatia nyepesi. Wayahudi nao yamewakuta hayo hayo. Hanuka, sikukuu yao ya taa ya siku nane, ni ndogo katika hesabu ya dini yao. Vitabu vya Wamakabayo vinavyosimulia asili yake havimo hata katika Biblia ya Kiebrania. Siku nzito kwao ni Yom Kippur, siku ya toba na mfungo. Lakini nchini Marekani Hanuka inajulikana hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga sinagogi, kwa sababu huangukia karibu na Krismasi. Watoto wa Kiyahudi walikuwa wanawaona watoto wa jirani wakifungua zawadi. Wazazi wakatafuta na wao cha kuwapa, wakaikuta Hanuka iko karibu.

Tumezoea kulieleza jambo hili kwa njia mbili, na zote mbili zinachechemea. Ya kwanza ni wingi: sikukuu yenye waumini wengi ndiyo yenye biashara kubwa. Mbona basi Japani, ambako Wakristo hawafiki wawili katika kila watu mia, Desemba miji inawaka taa na watu wanapanga foleni kununua kuku wa KFC, desturi iliyoanzia kwenye matangazo ya kampuni hiyo ya mwaka 1974? Ya pili ni kwamba Mzungu alikuwa na pesa, akaipamba sikukuu yake, akatuletea. Lakini Mzungu mwenyewe hakuwa na msimamo mmoja juu ya Krismasi. Wapuritani wa Massachusetts waliipiga marufuku mwaka 1659, na aliyekamatwa akiisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano. Sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Uskoti, nchi ya Wakristo na ya Wazungu tangu hapo, haikuifanya Krismasi kuwa siku ya mapumziko ya taifa hadi mwaka 1958. Hao wote walikuwa na Biblia ileile.

Hata Wakristo wa mwanzo hawakuisherehekea. Pasaka waliishika mapema sana, lakini kumbukumbu ya kuzaliwa Yesu tarehe 25 Desemba tunaiona kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za Roma za mwaka 336. Kwa karne nyingi baadaye ilikuwa siku ya ibada na, kwa wengi, ya ulevi wa barabarani. Kilichoigeuza ni miji ya viwanda ya karne ya 19. Mwaka 1843, kule London, Henry Cole alichapisha kadi za kwanza za Krismasi za kuuzwa, na Charles Dickens akatoa kitabu chake cha Krismasi mwaka huohuo. Mwaka 1848 gazeti moja likachora familia ya Malkia Victoria imeuzunguka mti uliopambwa. Marekani, mchoraji Thomas Nast akampa Santa sura na kitambi. Coca-Cola ilipomchukua mwaka 1931 ilimkuta tayari ni mtu mzima. Sherehe ikatoka barabarani ikaingia sebuleni, ikawa ya watoto. Mtoto akishawekwa katikati, biashara haina haja ya kuhubiri tena, maana hakuna mzazi anayependa mwanawe awe peke yake mtaani asiye na kitu kipya.

Kwetu Desemba ilikuwa imekwisha kuandaliwa kabla ya Santa kufika. Shule zimefungwa. Likizo za kazini zimelimbikizwa. Vikoba vinavunja mzunguko na kugawana akiba ya mwaka. Kenya vikundi hivyo huitwa chama, lakini hadithi ni moja. Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, nenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis wiki moja kabla ya Krismasi, simama upande wa mabasi ya Moshi na Arusha. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, huwa imeshatoa onyo lake kuhusu nauli, wapiga debe wameshalisikia na wanaendelea na kazi. Watani wa Wachaga, wenyeji wa Moshi, husema watu hao wanakwenda kuhesabiwa. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imelala kwa zaidi ya miaka ishirini, ilifufuliwa Desemba 2019, na sidhani mwezi huo ulichaguliwa kwa bahati.

Huko wanakokwenda kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, kuna mbege, kuna kipaimara cha mpwa, kuna harusi mbili siku moja na kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa kihamba. Ibada ya mkesha ipo na kanisa linajaa. Lakini muulize mwenye gari lililotoka Dar na kreti za soda nyuma amekuja kwa ajili ya lipi hasa, halafu umsikilize anavyosita. Ni sikukuu ya kurudi nyumbani, iliyopewa tarehe ya Krismasi. Wanaosafiri kutoka Nairobi kwenda Busia au Kakamega wanaijua hali hiyo, na wanaujua mwezi unaofuata, ule waliouita Njaanuari, ambamo ada ya shule inamkuta mtu ameshakula mbuzi.

Pasaka, kwa upande wake, inakuja na masika. Katika Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 kanisa liliamua isherehekewe Jumapili moja kwa wote, na kwa hesabu ya mwezi na jua inayofuatwa huku kwetu haitoki nje ya Machi 22 na Aprili 25. Huo ni wakati mkulima ana jembe mkononi na ghala linakaribia sakafu. Yai na sungura vya Ulaya ni alama za nchi inayochipua baada ya baridi kali. Kwetu Aprili hakuna kilichokuwa kimekufa kwa baridi kikafufuka, kuna tope. Na hata mwenye duka akitaka kuipamba, aweke nini dirishani? Kabla ya Jumapili lazima apite Ijumaa Kuu, na Ijumaa Kuu ina misumari.

Kenya walipata dawa yake kwa njia isiyotarajiwa. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuja kufanyika wakati wa Pasaka kwa miongo mingi, na tunayajua kwa jina la Safari Rally. Tope lile lile lililoinyima Pasaka nguo mpya ndilo lililowapa mashabiki burudani. Vizazi vizima viliikumbuka Pasaka kwa magari yaliyokwama na wanakijiji walioyasukuma. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 yalifanyika Juni kule Naivasha. Mwaka 2024 yakarudishwa wikiendi ya Pasaka. Wafadhili wa magari walielewa kilichowashinda wauza mayai ya chokoleti: Pasaka ina siku nne za mapumziko na haina kazi nyingine nje ya kanisa.

Turudi Mtaa wa Kongo, safari hii Ramadhani, siku ya ishirini na saba hivi, baada ya tarawehe. Suti ndogo za wavulana zina tai ya kubana kwa mpira. Magauni ya wasichana yana malinda na wavu mgumu ndani unaochoma mapaja, jambo ambalo hakuna msichana aliyewahi kulilalamikia siku ya Idi. Kanzu zimekunjwa na kadibodi kwenye kola. Kuna viatu vinavyowaka taa kisiginoni kila mtoto akikanyaga. Mama ameshika kijiti alichokikata sawa na unyayo wa mtoto aliyebaki nyumbani. Anakichomeka ndani ya kiatu, anaona nafasi iliyobaki, anauliza kama ipo namba ya chini. Muuzaji anasema atakua. Mama anasema Idi ni keshokutwa. Mafundi cherehani wa uswahilini wamekwisha kugoma kupokea vitambaa. Asiye na aibu bado anapokea, na nguo yako utaichukua Idi pili.

Dini ilifungua mlango huu yenyewe, tena kwa nia njema. Asubuhi ya Idi ni sunna kuoga, kujitia manukato na kuvaa kilicho bora katika ulichonacho. Zaka ya fitri inatakiwa imfikie maskini kabla ya swala, ili siku hiyo naye ale. Kilicho bora katika ulichonacho kikawa kipya, na kipya kikawa lazima. Mtoto naye akapewa haki yake: mkono wa Idi, sarafu na noti ndogo anazokusanya nyumba kwa nyumba. Unguja sikukuu haiishi siku moja. Ni siku nne, na jioni watoto wanapelekwa viwanjani, Kariakoo ya kule na Mnazi Mmoja, kuzitumia fedha zile kwenye bembea na aiskrimu. Tazama jinsi mzunguko ulivyokamilika: mtoto ana nguo, ana fedha, ana mahali pa kuonekana. Krismasi ya London ilichukua karne nzima kufika hapo.

Na kabla ya yote hayo kuna mwezi mzima wa kusubiri. Sikukuu isiyo na kipindi cha kusubiri haiuziki, kwa sababu mfanyabiashara anahitaji siku za kutangaza. Ramadhani inampa siku 29 au 30. Ndiyo maana kampuni za simu na mabenki zimegundua futari: ukumbi wa hoteli, mabango ya kampuni nyuma ya meza kuu, na picha gazetini Jumatatu. Wanaoalikwa, kwa sehemu kubwa, wangefuturu vizuri hata majumbani kwao. Mfungaji wa Mbagala anayenunua muhogo na nazi kwa bei iliyopanda tangu siku ya kwanza hamo kwenye picha hiyo. Sioni dhambi katika kufuturisha. Ninachokihesabu ni sahani ngapi zilikwenda kwa aliyezihitaji.

Kitu kimoja tu soko halijaweza kukinunua, nacho ni mwezi wenyewe. Magazeti yetu bado yanaandika kwamba Idi itakuwa Jumatano au Alhamisi kutegemea kuandama kwa mwezi. Mwezi usipoonekana, wauza nguo wanapata usiku mmoja zaidi, na nina hakika wako wanaoomba dua kwa upande huo.

Mtu atauliza: Idi kubwa haina biashara? Inayo, tena kubwa. Mnada wa mifugo wa Pugu unajua. Bandari ya Berbera inajua zaidi. Kila mwaka, msimu wa Hija ukikaribia, mifugo kutoka nchi ya Wasomali hupakiwa melini kwenda Saudia, na Wasaudia walipoizuia mwaka 2000 kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, wafugaji waliumia hadi zuio lilipoondolewa mwaka 2009. Lakini hiyo ni biashara isiyo na mitindo. Mbuzi hauzwi kwa kuwekwa dirishani, na nyama yake, dini ikifuatwa, haibaki yote nyumbani: jamaa wana fungu lao, maskini wana lao. Kwenye pwani yetu anachinja mwenye uwezo, asiye na uwezo anapelekewa. Kinacholiwa na jirani hakimtambishi mtu.

Senegali hali ni tofauti, na inafaa kuitazama. Huko Idi kubwa, wanayoiita Tabaski, ndiyo sikukuu ya mwaka. Kila mwenye nyumba anatarajiwa achinje kondoo dume wake. Serikali huhangaika mapema kuhakikisha kondoo wa kutosha wanaingia kutoka Mali na Mauritania. Mafundi wa Dakar hushona usiku kucha. Wako kondoo wa mbegu ya Ladoum wanaofugwa kama farasi wa mashindano na kuuzwa kwa bei ya gari. Mafunzo ya dini ni yaleyale ya Zanzibar. Kilichotofautiana ni desturi: huko kondoo amefungwa mlangoni, mtaa mzima unamwona, na baba asiye naye ana aibu. Sikukuu yoyote inaweza kushikwa na soko ikipata kitu kinachoonekana ambacho kila nyumba lazima iwe nacho. Idi kubwa ya Dakar imekipata. Ya Dar es Salaam bado.

Maulidi ndiyo fumbo linalonivutia kuliko yote. Ni kumbukumbu ya kuzaliwa, kama Krismasi. Tanzania ni siku ya mapumziko. Kuna mtoto, kuna furaha, hakuna msiba. Kwa nini Kariakoo haitikisiki Mfungo Sita? Sehemu ya jibu ni ubishi wa masheikh wenyewe. Wako wanaoiita uzushi, na mfanyabiashara hapendi kupanga mzigo wake katikati ya ugomvi. Lakini sehemu kubwa iko kwenye sinia. Maulidi unaalikwa, unakaa mkekani, unasikiliza, unanyunyiziwa marashi, unakula pilau, unakwenda zako. Gharama imebebwa na aliyeyaandaa au na msikiti. Mgeni hahitaji kununua kitu ili aingie. Hata yale ya Lamu, yaliyokuzwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, ambayo huvuta wageni kutoka pwani nzima na visiwani na kuwa na mashindano ya punda na ya majahazi, yanawanufaisha wenye boti na nyumba za wageni, ila hayajazaa nguo ya Maulidi wala zawadi ya Maulidi.

Za huzuni nazipitia haraka. Ashura ya Mashia, Jumatano ya Majivu, Yom Kippur: hizo zimeachwa na soko kwa sababu aliaye hanunui. Ingawa Wamexico wametuonyesha kwamba hata wafu wanauzika wakija wakicheza. Gwaride kubwa la Siku ya Wafu katika Jiji la Mexico lilianza mwaka 2016, likiiga gwaride lililokuwa limebuniwa kwa ajili ya filamu ya James Bond ya mwaka uliotangulia. Diwali nayo haina haja ya kushikwa na soko, kwa kuwa tangu zamani wafanyabiashara wa Kigujarati, huko kwao na huku Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, wameitumia kufungua vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Kwao duka na ibada havijawahi kugombana.

Kwa hiyo sikubaliani na mahubiri tunayoyasikia kila Desemba na kila kumi la mwisho, kwamba biashara imeziteka sikukuu zetu. Muuza viatu vyenye taa hajamteka mtu. Anatafuta ada ya wanawe katika wiki mbili ambazo pesa ipo mtaani, na kwa wengi wa wenzake wiki hizo mbili ndizo zinazobeba miezi iliyolala. Amechagua sikukuu ambayo mtu anaweza kuifurahia bila kukubali jambo gumu. Kuzaliwa kwa mtoto na kwisha kwa njaa ni habari ambazo hata asiyeamini anazielewa. Baba aliyenyanyua kisu juu ya mwanawe, na mtu asiye na hatia aliyesulubiwa, ni habari zinazomtaka msikilizaji aamue yuko upande gani, na mteja hapendi kuamua jambo kama hilo akiwa na mfuko mkononi.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wa makanisa wanaohangaika kila mwaka na matamasha, wakitaka Pasaka ichangamke kama Krismasi, waiache ilivyo. Imebaki na ibada zake kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuichukua. Masheikh nao wasione haya kwamba Idi kubwa haina shamrashamra ya madukani; nyama ikifika kwa asiyekula nyama mwaka mzima, imetimiza lake.

Kwa upande wa wazazi ninalo neno la hesabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, na Idi ndogo inarudi nyuma kwa kiasi hicho kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka 2000 iliangukia siku chache baada ya Krismasi. Itafanya tena hivyo mwaka 2033, mara hii ikitangulia: inatarajiwa karibu na Desemba 23. Mabasi ya Moshi na ya Tanga yatajaa wiki moja, vikoba vitavunjwa wiki hiyohiyo, na Mtaa wa Kongo hautapitika. Mwenye watoto wa kuvalisha na ndugu wa dini zote mbili, kama tulivyo wengi wetu, aanze kuweka akiba sasa, na nguo azipeleke kwa fundi mwezi wa kumi.